Baba, nimekanyaga pale alipokimbia Bayi

Christchurch, New Zealand

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi huku ni mzima, kazi inaendelea vizuri. Baridi imeanza kuuma, ila lile koti alilonichagulia Mama mitumbani linanifaa sana. Naamini na nyie hapo nyumbani hamjambo, na mguu wa Mama umepata nafuu.

Baba, barua hii hasa ni yako. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi yupo babu mmoja asiye na maneno mengi. Juzi akaniuliza natoka nchi gani. Niliposema Tanzania, uso wake ulichangamka, akatamka bila kusita: "Filbert Bayi!" Kumbe alikuwepo uwanjani tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mbio ulizosikia habari zake redioni na kutusimulia tangu tukiwa wadogo, yeye aliziona kwa macho yake.

Anasema wenyeji walijaa kumshangilia kijana wao, John Walker. Enzi hizo wakimbiaji wa mita 1500 walizoea kuviziana. Hakuna aliyetaka kutangulia, kila mmoja aliweka nguvu zake kwa mzunguko wa mwisho. Bayi, kijana wa Karatu mwenye miaka 20, alishika uongozi mapema na hakuuachia. Jukwaani watu walisema huyu atakata pumzi sasa hivi. Mzunguko wa pili alikuwa peke yake mbele, pengo kubwa. Kengele ikalia, bado yuko mbele. Mwishoni Walker alimsogelea, uwanja mzima umesimama, lakini hakumpata. Dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia! Ile ya Mmarekani Jim Ryun ilikuwa imedumu tangu 1967.

Kuna jambo ambalo hukuwahi kutuambia, Baba, labda redio haikulitaja. Walker, aliyeshika nafasi ya pili, naye alikimbia kwa muda mzuri kuliko ile rekodi ya zamani. Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu, nyuma yake kidogo tu. Bayi aliposhika kasi ile aliwaburuta na waliokuwa wakimfukuza, wakafika ambako wasingefika kama naye angeamua kuvizia. Tangu nisikie hivyo namwona kwa namna nyingine. Zamani nilimpenda kwa sababu aliwashinda wenzake. Sasa nampenda zaidi kwa yale waliyoyapata wenzake kwa sababu yake.

Jumapili nilikwenda kupaona. Uwanja wenyewe haupo tena. Tetemeko la ardhi la Februari 2011 liliuharibu, ukabomolewa. Siku hizi pana shule na mabwawa ya kuogelea. Nilizunguka pale muda mrefu, nikiwaza kwamba Mtanzania aliwahi kusimamisha dunia kwenye ardhi hii.

Babu pia alinikumbusha 1976. Dunia ilisubiri Bayi na Walker wakutane tena Montreal, lakini nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo, zilisusia Olimpiki kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu, Bayi akabaki nyumbani. Alikuwa na miaka 23, umri wa mkimbiaji kuvuna. Naamini nchi yetu ilifanya haki, na naamini pia kwamba haki ile ililipiwa na vijana kama yeye. Alipokwenda Moscow 1980, safari hii kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji, alikimbia vilevile, mbele kwa mbele, mpaka Mpoland Malinowski akampita kwenye mzunguko wa mwisho. Alirudi na medali ya fedha.

Baba, naomba umsimulie haya mdogo wangu. Ameniambia cherehani anayo, na fremu ameipata, ila anasubiri aone wenzake wa mtaani watafanyaje kwanza. Mwambie dada yake anasema afungue. Amejifunza ushonaji miaka yote hii, mkono wake naujua. Wale wasichana wawili anaowafundisha nao wanamtazama yeye. Asipoanza, wataanzia wapi? Pesa ya kodi ya miezi mitatu nimeituma kwenye simu ya Mama.

Na jambo la mwisho. Babu anataka kujua habari zile zilipokelewaje kwetu. Tafadhali jirekodi kwenye simu, usimulie mlikuwa wapi, redio ilikuwa ya nani, na watu walisema nini. Chukua muda wako, usifupishe. Nitakaa naye nimtafsirie neno kwa neno.

Wasalaam,
Binti yenu