Barua ya Wazi kwa Mhifadhi Mkuu: Njia ya Baiskeli Haipimwi kwa Gari

Ndugu Mhifadhi Mkuu,

Barua hii inahusu njia ya baiskeli unayopanga kuizungusha kandokando ya hifadhi, kwa ajili ya wasafiri wanaobeba hema, jiko na nguo zao wenyewe. Ombi letu ni moja tu: kabla ramani haijachapishwa, mtu aipite njia yote juu ya baiskeli iliyopakiwa mzigo. Asiipite kwa gari wala pikipiki, na baiskeli tupu nayo haitoshi.

Gari humficha dereva mengi. Akifika kwenye mwinuko wa asilimia 12 hubadili gia na kuendelea na mazungumzo yake. Sasa mchukue msafiri wa kilo 70, baiskeli ya kilo 15 na mzigo wa kilo 20: jumla kilo 105. Kuupandisha uzito huo kwenye changarawe, mwinuko wa asilimia 8, kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, kunadai takriban wati 160. Ni kazi, lakini aliyezoea ataifanya kwa muda mrefu. Mwinuko ukifika asilimia 12 zinahitajika wati 230 hivi, na hapo wengi hushuka wakasukuma. Kupunguza mwendo si dawa, kwa sababu chini ya kilomita 5 kwa saa usukani huanza kuyumba na mikoba ya nyuma huvuta huku na huku. Akisimama juu ya pedali ili apate nguvu, tairi la nyuma hukosa mshiko na kuzunguka bure kwenye kokoto. Kipande kikali cha mita 50 kinavumilika. Kilomita 2 za namna hiyo zitafutiwe njia ya kupinda kilimani, hata ikirefuka maradufu.

Kuna na ile mikunjo inayofanya barabara ya vumbi ionekane kama bati. Huletwa na magari yenyewe: gurudumu likikimbia juu ya udongo mkavu uliolegea hurukaruka, likitua huchimba, na linalofuata huchimba palepale. Dereva akikanyaga mafuta hupita juu ya vilele tu na kuona barabara imelainika. Baiskeli haina mwendo huo. Huingia kila kishimo na kutoka. Mtikisiko huo hulegeza boliti za milimita 5 zinazoshika keria, na moja ikidondoka keria huinama hadi ikagusa spoku. Kupitisha greda ni kununua muda tu, maana kilichochimba mikunjo bado kinapita kila siku. Linalosaidia ni kuacha ukanda wa mita 1 hadi 1.5 pembeni, uliozuiwa kwa mawe makubwa au magogo, nafasi kati ya moja na lingine isizidi mita 1.2 ili gari lisijipenyeze. Msiuweke mahali maji ya mvua yanapokusanyikia, kwani mchanga wote wa barabara huishia hapo. Tairi la milimita 50 lililopunguzwa upepo hadi psi 25 au 30 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) hupita kwenye mchanga mwepesi, lakini mchanga wa kuzama vidole vya miguu humshusha kila mtu mwenye mzigo.

Mkilazimika kukata kipande kipya, kisishuke kilima moja kwa moja. Mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima inachokikata. Ukizidi, maji hayavuki njia, huifuata, na msimu mmoja wa mvua unatosha kuigeuza korongo. Uso wake uinamie bondeni kwa asilimia 3 hadi 5, na kila baada ya umbali fulani njia ipande kidogo kabla ya kuendelea kushuka, ili maji yatoke yenyewe. Mifereji ya kukatiza yenye kingo kali ni hatari: gurudumu la mbele hutumbukia wakati uzito wote uko nyuma.

Mageti yanastahili ukali zaidi, maana kosa la fundi mmoja hapo hufunga njia nzima. Usukani una upana wa sentimita 60 hadi 75, lakini anayesukuma hutembea ubavuni mwa baiskeli, kwa hiyo wawili hao wanahitaji angalau mita 1.2; mita 1.5 ni bora. Geti la kujipinda linalomruhusu mtembea kwa miguu halifai, kwani baiskeli ina urefu wa karibu mita 1.8 na haikunji kona humo. Wala msitegemee kwamba ataibeba juu ya kizuizi: baiskeli na mzigo ni kilo 35, na ukiishika katikati, mikoba huipindua. Kama geti lina springi ya kujifunga, lipatiwe ndoano ya kulishikilia wazi, la sivyo litambana akiwa nusu ndani nusu nje.

Vizuizi vya mifugo vya vyuma juu ya shimo viwe na nondo zinazokatiza njia. Nondo zikilala kufuata mwendo, tairi huingia kati yake na mpanda huruka mbele. Mbao za madaraja ni vivyo hivyo: zipangwe kukatiza. Tumeona mbao zikilazwa kwa urefu kwa sababu tu fundi alikuwa na ndefu! Na kwa kuwa chuma kikilowa huteleza, kila kizuizi kiwe na geti dogo pembeni.

Alama za njia panda zikae mita 30 kabla ya kona, na nyingine ndogo mita 50 baada yake, ya kumhakikishia mtu kwamba hajapotea. Penye mteremko mrefu alama iwe juu, kabla hajaachia breki. Aliyepitiliza kona kwa kilomita 2 za mteremko atazilipa zote akipanda. Kila kilomita iwe na nguzo yenye namba, ili anayeomba msaada ajue kueleza alipo. Ramani nayo ionyeshe mahali simu isiposhika.

Maji: kwenye joto mtu hunywa nusu lita hadi lita nzima kwa saa, na juu ya changarawe hutembea kilomita 12 hadi 15 tu kwa saa. Bomba moja kila kilomita 25 au 30 linatosha, mradi chupa ya sentimita 25 iingie chini yake na ukweli uandikwe kama maji hayo ni ya kunywa.

Kuhusu wanyama unajua kuliko sisi. Tunachokijua ni kwamba baiskeli haina mngurumo, hivyo mnyama huishtukia ikiwa karibu mno. Kwa kilomita 30 kwa saa kwenye changarawe, kuona hatari na kusimama huchukua mita 30 hivi. Kona isiyoonyesha umbali huo haihitaji kufyekwa vichaka; weka mwinuko mfupi kabla yake, mwendo utapungua wenyewe. Njia isifuate ushoroba, yaani mapito ya wanyama, bali iukate mahali pembamba penye uwazi, na ifunguliwe saa moja baada ya jua kuchomoza, ifungwe saa moja kabla halijazama. Brashi na maji getini vitaondoa mbegu za magugu zilizogandia kwenye tairi. Msiweke pampu ya shinikizo kubwa, inasukumia mchanga ndani ya beringi.

Huyo mtakayemtuma apewe mzigo wa kilo 20, daftari na kifaa cha kurekodi njia. Azunguke upande mmoja, kisha arudi upande wa pili, kwa sababu alama inayoonekana vizuri ukienda huenda imejificha nyuma ya mti ukirudi. Arudie tena mvua zikinyesha. Kila anaposhuka kwenye baiskeli aandike namba ya kilomita na kilichomshusha, na kazi ya mafundi ianzie kwenye kurasa hizo.

Wako,
Waendesha baiskeli wa safari ndefu