Mheshimiwa, Somanga imenimwagisha pweza tena

Kwako mheshimiwa uliyekabidhiwa barabara zetu, shikamoo.

Naandika kwa heshima zote, ila nisamehe maneno yakikuchoma maana nimekesha siku mbili kwenye foleni nimeegemea deli la pweza na ile harufu mpaka leo haijatoka kwenye kanga yangu.

Mimi nanunua pweza na ngisi Kilwa Masoko napeleka Feri, soko la samaki la Dar. Safari yenyewe ni ya usiku mmoja, Nangurukuru, Somanga, daraja la Mkapa, Ikwiriri, Kibiti, kunakucha upo Mbagala, kwa hiyo hata barafu nanunua ya usiku mmoja, zaidi ya hapo faida hakuna. Wiki iliyopita ikapiga mvua, tunafika Somanga malori yamezimwa, madereva washatandika mikeka chini ya matela, maji yanakatiza juu ya lami. Siku ya kwanza nikapata barafu za mifuko kwa mama mmoja pale kijijini, zile za watoto za ukwaju, nikapanga juu ya pweza hivyo hivyo na rangi yake. Siku ya pili zikaisha. Nikafungua deli, maji ya uvuguvugu, pweza wameshageuka wekundu. Madeli matatu nimemwaga kichakani, na ile hela sio yangu, ni ya kikoba.

Sasa nikukumbushe kidogo, najua una mengi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika hapo hapo Somanga, Lindi na Mtwara tukawa kisiwa. Aliyekuwa na haraka alizungukia Masasi, Tunduru, Songea, Makambako, Iringa, Morogoro, zaidi ya kilomita 1,500 ili afike Dar ambayo toka Nangurukuru ni kama 300 tu. Wakubwa mlikuja na mabuti, mkapigwa picha, mkasema mawasiliano yatarejea na kweli yalirejea, ahsanteni. Kumbe kurejea maana yake kifusi na mawe! Suluhisho la kudumu tukaambiwa linakuja. Sijui limepitia Songea na lenyewe?

Na msidhani sisi watu wa kusini hatujui kusubiri. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 tulikuwa tunasubiri pantoni pale Rufiji, halafu kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kilomita 60, kikachelewa kuona lami miaka na miaka, abiria wanashuka Mbagala wekundu kama mihogo imetoka kuchimbwa. Tulinyamaza. Lami ikaja, tukashangilia, na sasa lami ipo ila chini yake hamna kitu.

Mimi sio injinia, lakini maji ya milima ya Matumbi yanashuka baharini toka enzi za mababu, barabara ndo imeenda kuyakalia njiani, na makalavati yenyewe membamba, nahisi walipima kiangazi. Wengine wanasema ni malori ya saruji yanadidimiza tuta, labda ni yote mawili, mtajua nyie mliosoma.

Ninachoomba, pale painuliwe, wekeni madaraja yanayolingana na hayo maji. Kama hela hakuna tuambieni hela hakuna. Kama mkandarasi yupo basi tumuone anafanya kazi, mimi siku mbili zote nimeona kijiko kimoja kimepaki chini ya mkorosho, kuku wanapanda kwenye kiti cha dereva.

Na kama hilo nalo zito, mheshimiwa, basi mvua ikinyesha wekeni hata mtu mmoja pale Nangurukuru na ubao, aandike kwa chaki: leo Somanga panapitika, leo hapapitiki. Hilo tu. Nikikuta hapapitiki nageuza Masoko naanika pweza wangu juani, bei inashuka lakini simwagi.

Alhamisi napakia tena.

Mama Pweza,
Kilwa Masoko