Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: ile simu ya dharura ipokelewe

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: NAMBA YA DHARURA ZA MIFUGO ISIYOPOKELEWA

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kazi iendelee, ingawa huku kwetu kuna mahali imesimama. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii nimeileta hadharani kwa sababu zile nilizokuletea kwa bahasha zilipigwa mhuri masijala, na tangu hapo sijui zimepumzishwa kwenye faili gani. Sina ugomvi na masijala. Mhuri wao unasomeka vizuri sana.

Nikukumbushe kwa heshima zote. Mwaka juzi, tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ulikuja katani kwetu kuzindua chanjo. Tuliwaleta mbwa kwa kamba, kwa baiskeli, kwa mikokoteni. Wazee wakakwambia kwamba kichaa tunakiogopa, ila kinachotumalizia mbwa mvua zikianza ni nyoka. Ukasimama, ukaahidi kwamba kliniki ya mifugo ya wilaya itakuwa na sindano ya kuzuia sumu ya nyoka, na friji ya sola ya kuitunzia, na simu ya dharura itakayopokelewa saa 24. Tukakupigia makofi ya kilo. Namba ikaandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa ofisi ya kata, nasi tukainakili.

Friji ilikuja, nashuhudia. Mara ya mwisho kuiona ilikuwa na soda za wajumbe.

Sasa ya wiki iliyopita. Mbwa wangu Kamanda alikuwa analala nje ya zizi la mbuzi. Asiyeishi huku anaweza kuuliza mbwa wa kienyeji ana thamani gani hadi aandikiwe barua. Fisi wa huku hawangoji hata giza likolee. Ada na sare za binti yangu zinatoka kwenye zizi lile, kwa hiyo ukipiga hesabu vizuri, aliyekuwa anamsomesha ni Kamanda.

Usiku ule mvua ilikuwa imekatika. Kamanda akabweka akielekea kwenye rundo la kuni, kisha akalia mara moja tu. Tukamulika tochi: kifutu, katulia kwenye majani makavu kama kipande cha gogo. Kifutu hana haraka ya kukimbia, anategemea rangi yake imfiche, na mbwa, kwa kuwa anatafuta kwa kunusa, humfikia kwa pua kwanza. Ndiyo maana mbwa wengi huumwa usoni au miguu ya mbele. Haikupita muda uso wote ulikuwa umevimba na mate yanatoka na damu.

Tulifanya tunayoyajua. Tulimvua mkanda wa shingoni, maana uvimbe ukishuka kooni, mkanda ule ule mliomfunga siku ya chanjo ndio unaomnyonga. Hatukumwacha atembee, kwa sababu kadiri anavyohangaika ndivyo sumu inavyosambaa. Binti yangu alimbeba kwenye kanga. Nyoka hatukumfuata. Nikapiga namba yenu. Ikaita mpaka ikakata. Nikarudia, ikaita. Baadaye nikaambiwa haipatikani.

Ngoja nikueleze, Ndugu Mkurugenzi, simu ya mtaalamu isipopokelewa ni nani wanaopokea kazi yake. Jirani wa kwanza alikuja na wembe, achanje. Wa pili alikuja na mpira wa baiskeli wa kufungia sumu isipande, nikamuuliza mbwa aliyeumwa puani tumfunge wapi, shingoni? Akaja mwenye jiwe jeusi. Akaja mwenye mafuta ya taa. Kijana mmoja, tena msomi, akaleta diklofenaki za babu yake za magoti. Wote walikuja kwa huruma, wengine wakiwa peku kwenye matope. Lakini kumchanja mnyama ambaye sumu imeshavuruga mgando wa damu yake ni kumwongezea kutokwa damu. Kufunga kwa nguvu kunaozesha kiungo. Jiwe halinyonyi sumu yoyote. Diklofenaki, hata pasipo nyoka, inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Nilikesha mlangoni usiku ule nikiwazuia majirani ninaowaheshimu, na wawili kati yao hadi leo tunasalimiana kwa shida.

Alfajiri ndipo tulipopata bodaboda wa kuvuka korongo. Kliniki ilikuwa na kufuli. Mlinzi, ambaye simlaumu, akasema daktari yuko semina. Sikuuliza semina ya nini, nilihofia isije ikawa ya huduma bora kwa mteja. Duka la dawa za mifugo lililo karibu likaniuzia oksitetra, dawa ya bakteria, kwa bei kamili. Kamanda alikufa mchana wa siku hiyo.

Utasema hata simu ingepokelewa asingepona. Huenda. Lakini nina mbwa mwingine, Bobi, na huyu ndiye shahidi wangu. Mwaka jana swila alimtemea mate machoni. Nilipiga namba hiyo hiyo, na siku hiyo, sijui kwa muujiza gani, ikapokelewa na kijana aliyekuja kwenu kwa mafunzo ya vitendo. Akasema: mwoshe macho kwa maji safi mengi, polepole, kwa robo saa au zaidi, msimsugue, msimtie majani wala dawa ya kienyeji, kisha mleteni awekewe dawa ya macho, maana mboni ikifanya kidonda anaweza kupofuka. Tukamwaga maji. Bobi anaona mpaka leo. Haikuhitajika friji, wala gari, wala kikao. Yalihitajika maji ya ndoo na mtu upande wa pili wa simu. Kijana yule alimaliza mafunzo akaondoka, na inaelekea aliondoka na huduma yenyewe.

Nimejaribu kuelewa kulikoni. Wapo wanaosema bajeti haikupita. Wapo wanaosema laini ilisajiliwa kwa jina la ofisa mmoja, akahamishwa nayo mfukoni. Sina ushahidi, ila habari yenyewe inafanana nasi. Mimi nadhani shida ni kwamba ng'ombe analipiwa ushuru mnadani na mbwa halipiwi. Halmashauri inamjua mbwa siku mbili: ya chanjo, na ya kuwaua wazururaji. Katikati ya hapo ni shauri la mwenyewe. Na mwenyewe huyo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inamtaka asimwache mnyama wake ateseke. Sawa, nimeitii. Nimebeba mnyama hadi kwenye kufuli lenu.

Kuhusu sindano, usidhani sijui ugumu wake. Inatengenezwa kwa kutumia damu ya farasi, na ile inayofahamika zaidi kwa kifutu na koboko inatoka Johannesburg. Hata huko Afrika Kusini kwenyewe, mwaka 2022 na 2023, iliadimika mpaka madaktari wa mifugo wakawa wanaitafuta bila kuipata. Kabla ya hapo Wafaransa, kampuni ya Sanofi, waliacha kutengeneza ya kwao kwa ajili ya Afrika, na chupa za mwisho muda wake ukaisha Juni 2016. Inataka ubaridi, inataka mtaalamu aliye na adrenalini mkononi mwili wa mnyama ukiikataa, na mbwa mdogo hapunguziwi dozi, kwa sababu sumu aliyotiwa ni ile ile, tena kwenye mwili mdogo. Ni ghali. Na kama wilaya nzima ina chupa chache na mtoto ameumwa, apewe mtoto. Sitafungua mdomo.

Ila msituambie kwamba habari za mbwa na za watu ni mafaili mawili. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani. Rundo lile la kuni, asubuhi yake, lingeguswa na mkono wa binti yangu akitafuta za kuchemshia uji.

Barua hii ilipoanza ilikuwa na madai mengi. Gari lilikuwemo. Nimeyafuta. Sindano naiacha hadi bajeti ijayo. Friji kaeni nayo, soda zisipate joto. Ninachoomba ni simu ipokelewe.

Ipokelewe na mtu anayejua kusema: mvue mkanda, mbebe, usimchanje, usimfunge, usimpe dawa za watu. Anayejua kuuliza ni nyoka gani, kwa sababu koboko hakupi uvimbe wa kukuonya. Utaona kope zinalegea, miguu inapepesuka, pumzi zinakatika, na hapo hakuna cha kungoja kukuche. Anayejua usiku huo dawa iko kliniki gani, ya serikali au ya binafsi, wilaya hii au ya jirani, ili mtu asivuke korongo kwenda kutazama kufuli. Na siku ambazo hakuna dharura, mtu huyo huyo angeweza kupita vijijini kutuhimiza tufyeke majani kuzunguka mazizi, tusogeze kuni mbali na anapolala mbwa, tufunike vihenge vizuri, maana panya ndio wanaowaita nyoka nyumbani. Lakini hayo nayo naona nimeanza kuongeza madai. Simu tu. Ipokelewe.

Naomba yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata majina ya watakaokuwa na simu hiyo kila usiku, pamoja na Jumamosi na Jumapili. Kama kwa usiku fulani hayupo, iandikwe hayupo, tujue kwamba usiku huo tuko wenyewe. Mvua bado zina miezi. La Jumamosi hii naomba liwepo kabla ya Ijumaa jioni.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama mfugaji wa mbuzi

Nakala:
Diwani wa Kata
Afisa Mifugo wa Kata
Mwenyekiti wa Kijiji