Mtoto wa miaka mitatu haambiwi asubiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme hili maana limenikaa rohoni. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Morogoro, na kila Januari tukiandikisha napokea wazazi wenye mtoto mwenye ulemavu ambaye ndo kwanza anakanyaga darasani, ukiwauliza miaka yote alikuwa wapi wanakwambia tumezunguka chekechea zote za mtaani, hakuna aliyetukataa usoni, wote walituongelesha vizuri tu, mleteni akishaanza kutembea, mleteni akishaanza kuongea, mleteni akishajua kwenda chooni mwenyewe. Sasa jamani, mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza asitembee maisha yake yote, huyo arudishwe lini?

Anayeniumiza zaidi ni mtoto kiziwi. Huyu anakimbia, anacheza, anakula vizuri, macho yake yanadaka kila kitu, ndo maana nyumbani wanachelewa kugundua, bibi anasema mwacheni hata baba yake alichelewa kuongea. Wanakuja kushtuka ana miaka minne, chekechea hawamtaki, basi anakaa nyumbani anaonyesha vitu kwa kidole mpaka afikishe umri wa kupelekwa bweni shule ya viziwi, miaka saba au nane huko, na anafika hana lugha yoyote, si Kiswahili, si kilugha cha kwao, si lugha ya alama. Mwalimu wa darasa la kwanza anaambiwa amfundishe kusoma mtoto ambaye hajui hata kwamba ana jina! Na miaka ya mwanzo ndo miaka ambayo ubongo unashika lugha kirahisi, ikishapita mtoto anahangaika sana. Huyo huyo angekaa na wenzake tangu ana mitatu, mwalimu akawa anajua hata alama chache za kuanzia, maji, chakula, choo, njoo, nimechoka, angefika darasa la kwanza ana lugha. Na watoto hawana shida kabisa, wanazidaka alama kabla ya mwalimu wao, darasani kwangu nimewaona wanabishana kwa mikono nani kaanza kusukuma. Wenye shida ni sisi wakubwa, kuna mzazi alinifuata akasema mwanae atazoea kumuiga yule kiziwi na yeye asiongee.

Sheria tunayo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, iwe ya serikali iwe ya binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalum, na mimi naona hapo kwenye isipokuwa ndo kiziwi anapopotelea, kila mtu anasema huyu ana shule yake wakati hiyo shule bado ni ya miaka minne mbele. 2021 serikali ikazindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile PJT-MMMAM, na ujifunzaji wa awali umo. Yaani kwenye makaratasi mtoto huyu hajasahaulika.

Walimu wenzangu watasema mbona unatubebesha mzigo, na wana haki. Kiwango cha awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, shule nyingi za mjini ukifungua mlango unakuta zaidi ya mia wamejaa chini kwenye mkeka, hapo hata huyo asiye na ulemavu humfikii. Hilo lazima serikali ilibebe kwa kuajiri. Lakini mengine hayasubiri bajeti. Kiti cha kona cha kumkalisha mtoto asiyeweza kuketi mwenyewe fundi seremala yeyote anakitengeneza ukimwonyesha picha, mwenye ualbino anahitaji kukaa karibu na ubao na avae kofia wakitoka nje, kwa kuanzia!

Naomba mambo matatu. Afisa ustawi wa jamii akija kukagua kituo cha kulelea watoto, pamoja na kuangalia choo na uzio, aulize pia watoto wangapi wenye ulemavu wameletwa na wangapi wamepokelewa, na jibu liandikwe. Kliniki ambako kila mama anapeleka mtoto kupima uzito, nesi achukue dakika mbili kuona kama mtoto anageuka akisikia sauti nyuma yake, asipogeuka aandikiwe kwenda hospitali siku hiyo hiyo, asiambiwe atakua. Na chuo cha Patandi kule Arusha, kinachofundisha walimu wa elimu maalum, kipewe uwezo wa kuendesha kozi fupi za likizo kwa sisi wa awali na kwa akina dada wanaolea vituoni, ambao wengi hakuna aliyewahi kuwafundisha chochote kuhusu watoto hawa.

Uandikishaji wa Januari hauko mbali. Wenyeviti wa mitaa wanajua nyumba gani ina mtoto aliyefungiwa ndani, halmashauri iwatume wapite sasa hivi na wawaandike majina kabla madarasa hayajajaa.

Mwalimu wa awali,
Morogoro