Chumvi ya ng'ombe inatuulia kondoo

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwasumbua, lakini ile taarifa ya ukurasa wa kilimo juma lililopita imenilazimisha kushika kalamu. Eti mfugaji mdogo anunue chumvi moja ya madini, awalambishe ng'ombe, mbuzi na kondoo, apunguze gharama. Nani kamwambia mwandishi wenu hivyo?

Chumvi ya ng'ombe hutiwa shaba nyingi. Kondoo anahitaji shaba pia, ila kidogo sana, na ini lake huirundika badala ya kuitoa. Chakula chenye zaidi ya miligramu 15 za shaba kwa kilo, akilishwa kwa muda mrefu, chaweza kumuua. Utamwona mzima kabisa, hadi siku ini lishindwe.

Mimi nilikwenda dukani mwaka jana nikaomba ya kondoo, kwa kinywa changu. Kijana akachota kwenye gunia lililokuwa wazi, akapima kwenye mfuko wa nailoni, akaniambia, "Hii ni ya wote, mzee." Baada ya muda kondoo wangu jike, mwenye mimba, akaacha kula. Kesho yake macho na ufizi ni manjano, mkojo kama chai ya rangi, na jioni akafa. Daktari alipompasua tulikuta ini la manjano na figo nyeusi tii. Akauliza, "Hawa wanalamba nini?" Nikamletea mfuko: hauna jina, hauna orodha ya madini, hauna tarehe. Niliporudi dukani nikaambiwa huenda aliumwa na nyoka. Nyoka!

Sisemi tusiwape madini. Huku Bonde la Ufa, enzi za mkoloni, ng'ombe walikonda kwa kukosa kobalti hata ugonjwa ukaitwa nakuruitisi. Shaba nayo ikikosekana, wanakondoo huzaliwa miguu ya nyuma ikiyumba. Ndiyo sababu kipimo si cha kubahatisha.

Na hawa wa kupimapima hawaishii kwenye chumvi. Dawa ya minyoo humiminwa kwenye chupa ya soda, unaambiwa "mpe kifuniko kimoja", bila kuulizwa mnyama ana kilo ngapi. Halafu tunalalamika minyoo imekuwa sugu.

Basi kila gunia la chumvi ya ng'ombe lichapwe picha ya kondoo iliyokatwa kwa mstari mwekundu, upana wa kiganja, na anayeuza kwa kilo atoe nakala ya lebo kwa kila mfuko. Wino ukiwa ghali, wauze gunia zima la chumvi ya kondoo. Sisi wenye kondoo watano watano tutachanga.

Mfugaji,
Elburgon