Mikoko ile imepandwa pasipoota mkoko

Ndugu Mhariri,

Ninalisoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Taarifa yenu ya upandaji mikoko, ile yenye picha ya mgeni rasmi kashika kiriba, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche, na watoto wa shule nyuma yake wamevalishwa fulana mpya, imenitoa kimya. Mliandika kwamba pwani yetu imerudishiwa uhai. Nendeni leo mkaitazame ile miche. Iliyobaki ni vijiti vikavu vilivyogandwa na makome, mingine imeng'olewa na mawimbi.

Haikufa kwa bahati mbaya. Pale ni uwanda wa mchanga na nyasi bahari, chini ya usawa wa kati wa bahari. Maji yakipwa panaonekana papana na wazi, lakini muda mwingi pamefunikwa. Mikoko huota kuanzia usawa wa kati kwenda juu, mpaka maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanapoishia, na mche mchanga ukizama zaidi ya karibu theluthi moja ya muda wote hukosa hewa. Kama pangefaa, mbegu zinazoelea kutoka msitu wa jirani zingeshaota zenyewe zamani. Badala yake tumekanyaga nyasi bahari wanamokulia samaki aina ya tasi. Nilipomuuliza msimamizi mmoja kwa nini hawakuingia ndani, kwenye tope lililokatwa miti, alinijibu kwamba gari la mgeni rasmi halifiki huko.

Kosa jingine ni la mbegu. Mikoko ni aina nyingi, na waandaaji hupenda moja tu, mkoko wenyewe, kwa sababu mbegu yake ni ndefu na inachomekwa tu. Lakini mbele, upande wa bahari, ni makao ya aina nyingine, mlilana na mchu; mkoko hukaa nyuma yao na kando ya mikondo, kisha msinzi na mkandaa. Mbegu za mlilana ni ndogo mno, lazima zioteshwe kitaluni panapofikiwa na maji ya bahari. Za mchu huloweshwa siku moja au mbili hadi ganda litoke, kisha hubanwa juu juu ya tope. Mbegu ya mkoko ichumwe ikiwa inaachia yenyewe ukiigusa na shingo imegeuka manjano, isiwe na tundu la mdudu, ikae kivulini chini ya gunia bichi, ipandwe ndani ya siku chache, theluthi yake tu ndani ya tope. Na kama ni mche wa kitaluni, kiriba kichanwe na kirudi nyumbani. Vya siku ile vimebaki kwenye maji.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba maeneo ya kufaa yapo. Mashamba ya chumvi yaliyotelekezwa kando ya ghuba ya Lindi na ya Mikindani yalikuwa misitu. Miti ilikatwa, matuta yakainuliwa, mikondo ikazibwa. Wenyewe walipoondoka, matuta yakabaki. Ndani yake jua linakausha, chumvi inajirundika, na udongo wa mikoko ukikauka muda mrefu unatoa tindikali. Humo hata upande miche bora duniani itakufa, mpaka maji yarudi kwanza. Kazi yenyewe haihitaji mtaalamu wa kutoka Ulaya. Chukua mpira mwembamba wa maji wanaotumia mafundi kusawazisha msingi, pima usawa ambao kila aina imesimama kwenye msitu ulio hai wa jirani, kisha weka vigingi vya alama kwenye usawa huo huo ndani ya shamba. Tafuta mkondo wa zamani ulipoingilia. Kata tuta hapo hapo, uchimbe hadi kina cha mkondo, na pasiwe pembamba: mdomo mwembamba hufanya maji yaingie kwa kasi na kumomonyoa, halafu yanatuama ndani bahari ikipwa, na maji yaliyotuama huzamisha mizizi ya kupumulia ya mchu. Udongo wa tuta ufukie mashimo ulikochimbwa. Kisha subirini misimu miwili ya mbegu. Miti mama ikiwa karibu, bahari italeta mbegu yenyewe. Nyie mtajazia mapengo tu. Misitu ya mikoko ni hifadhi, kwa hiyo kibali cha maandishi cha Wakala wa Huduma za Misitu kitangulie jembe.

Na mbona hamwandiki habari za matanuri ya chokaa? Matumbawe yanavunjwa kwa mtarimbo, yanapangwa juu ya magogo, na mikoko imo katika magogo hayo. Mwamba huo wa matumbawe ndio unaovunja wimbi kabla halijafika msituni, na Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitukumbusha sisi wa kusini mawimbi ni kitu gani. Mchu ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki. Mkoko ukikatwa chini ya majani hauchipui, umekwisha.

Ombi langu ni hili. Msichapishe tena picha ya siku ya kupanda. Chapisheni ya mwezi wa 12 na ya mwezi wa 36 baada ya kupanda, na chini yake idadi ya miche iliyo hai, iliyohesabiwa ndani ya viwanja vya mita 10 kwa 10 vilivyozungushiwa kamba. Wafadhili nao walipe nusu ya fedha siku ya kupanda, nusu kwa miche iliyo hai mwaka wa pili, na fedha za fulana na hema zinunue koleo. Mkimtuma mwandishi, aje siku za bamvua, maji yanapokuwa yamepwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na asije na gari.

Msomaji wenu,
Mikindani, Mtwara