YAH: Malalamiko kuhusu kiti cha faiba kilichong'oka gari likitembea

Lubumbashi, 12 Mei 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Karakana ya Faiba,
Dar es Salaam.

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu kutoka Lubumbashi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, garaji yangu iko komini ya Kampemba, na ni mteja wenu tangu Novemba mwaka jana nilipoagiza viti viwili vya baketi, yaani viti vya ganda moja linalomkumbatia mtu, kwa ajili ya gari ninalolijenga na mdogo wangu. Viti vilifika katikati ya Machi. Kimoja hakiingii garini. Cha pili kiling'oka tarehe 27 Aprili, mdogo wangu akiwa amekikalia na gari likiwa mwendoni. Nimepiga simu ofisini kwenu mara tatu, na mara zote nimejibiwa kwamba kosa ni langu, nilikaza bolti kupita kiasi. Ndiyo maana sasa naandika, ili maneno yakae kwenye karatasi na wewe mwenyewe uyasome.

Nianze na gari lenyewe. Ni gari dogo la wazi, la watu wawili, la mtindo wa Lotus Seven ambayo Colin Chapman aliitoa Uingereza mwaka 1957, na ambayo tangu mwanzo iliuzwa hata kwa vipande ili mnunuzi ajiunganishie nyumbani. La kwetu chesisi tumeichomelea wenyewe kwa skwea paipu za milimita 25. Injini, giaboksi na ekseli ya nyuma tumevitoa kwenye Corolla KE70, ile ya zamani inayosukuma kwa magurudumu ya nyuma. Gari la namna hii ni jembamba sana. Dereva anakaa karibu kabisa na bati la sakafu. Kulia kwake kuna handaki la propela shafti, yaani kifuniko cha mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma, kushoto ubavu wa gari. Kati ya hapo na hapo nina milimita 440. Siwezi kuongeza hata moja, kwa sababu pande zote mbili ni chuma.

Kiti cha gari la kawaida hakifai humo. Kina reli na springi, kinamnyanyua mtu hadi kichwa kinapita bomba la kumkinga gari likipinduka, na hapo bomba halina kazi tena. Kinachotakiwa ni ganda jepesi linalolala karibu na sakafu na kumkumbatia mtu nyonga na mbavu, ili kwenye kona asijishikilie kwa usukani. Usukani ni wa kuelekeza gari, si wa kuning'inia.

Vipimo sikuvikisia. Nilikaa juu ya mbao na sponji ndani ya chesisi, nimevaa viatu na helmeti, mdogo wangu akiongeza na kupunguza vipande vya mbao hadi mabega yangu yakaegemea nyuma na kifundo cha mkono kikalala juu ya usukani bila kuinuka. Kisha tukabadilishana, akakaa yeye. Mimi nina urefu wa mita 1.84, yeye 1.62. Kwa hiyo matundu ya mikanda ya mabega hayawezi kuwa sehemu moja kwenye viti vyote viwili. Mkanda ukitokea chini ya bega, gari likigonga unalivuta bega kwenda chini na uzito wote unashukia uti wa mgongo. Niliwaandikia hivyo, nikachora kila kiti peke yake, na tarehe 9 Novemba nikatuma karatasi hiyo. Dada wa mauzo alinijibu vizuri, kwa heshima: "Sawa, itafanyika kama ulivyochora."

Kiti changu kina upana wa milimita 462 kwenye mdomo wa nje, yaani ukingo wa ganda, na nafasi yangu ni 440. Nadhani fundi wenu alipima ndani ya ganda akasahau kwamba mdomo nao unachukua nafasi. Hilo ni kosa la kipimo, linaweza kumpata fundi yeyote.

La pili linaniuma zaidi kwa sababu linaonyesha mchoro haukusomwa. Niliomba mdomo wa kiti changu ushushwe upande wa kulia, mkono upate kupita kwenda kwenye gia na hendibreki. Mmeushusha upande wa kushoto. Naelewa ilivyotokea: kwenu Tanzania usukani uko kulia na handaki liko kushoto kwa dereva. Sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, dereva anakaa kushoto. Lakini mshale wa upande niliuchora, na neno KULIA niliandika kwa herufi kubwa. Ofisi yenu ikanishauri nibadilishane kiti na mdogo wangu. Matundu yake ya mikanda yangenifikia chini ya mabega, na nimeshaeleza hapo juu maana ya hilo kwa mgongo wa mtu.

Sasa nije kwenye bolti.

Kwa kuwa kiti changu kimekataa kuingia, tulikifunga cha mdogo wangu upande wa dereva ili yeye afanye majaribio ya kwanza. Tulitumia bolti nne za milimita 8, daraja la 8.8, na ndani ya ganda washa pana za milimita 40. Chini yake kuna mabati ya chuma ya milimita 3 niliyochomelea kwenye chesisi. Tulienda kwenye uwanja mtupu nje ya mji, upande wa barabara ya Kipushi. Alizunguka mara nne polepole. Mara ya tano, akiwa kwenye kilomita 40 kwa saa hivi, alikata kona kushoto na kukanyaga breki. Bolti mbili za nyuma zikapita ndani ya faiba. Ganda likapinduka kulia, mbavu zake zikagonga handaki. Nilimwona akiinama nikadhani gari limempindukia.

Tulimpeleka kupigwa picha. Hakuna mfupa uliovunjika, ila alilala upande mmoja kwa wiki mbili. Kilichomwokoa ni kwamba mikanda niliifunga kwenye chesisi, sikuifunga kwenye kiti. Ingekuwa kwenye kiti, angetoka nacho.

Bolti zilikuja na visahani vya faiba vimebaki chini ya washa, vimekatika mviringo kama kitumbua. Nilivipima kwa kalipa: milimita 2.5. Bwana Mkurugenzi, wewe unajua kuliko mimi kwamba mkeka mmoja wa nyuzi za kioo, wa gramu 450 kwa mita ya mraba, ukilowekwa rezini kwa mkono unatoa unene wa karibu milimita 1. Kwa hiyo pale kwenye bolti, mahali panapobeba mzigo wote wa mtu, mliweka mikeka miwili na jelikoti, lile tabaka la rangi la juu. Karatasi yangu iliomba minne, pamoja na bati la chuma la milimita 3 lizikwe ndani ya faiba kwenye kila tundu. Nimekata ganda kwenye matundu yote manne. Hakuna bati hata moja. Tena uso wa ndani bado unanata kwenye kidole, na harufu ya rezini haijaisha hadi leo, miezi miwili tangu kufika. Hadena, dawa ya kugandisha rezini, ilikuwa kidogo, au kiti kilitolewa kwenye kalibu kabla ya wakati.

Kuhusu kukaza: faiba iliyobanwa kupita kiasi huonyesha, inapata weupe na nyufa ndogondogo kuzunguka washa. Bolti mbili za mbele nilizikaza kwa mkono uleule, siku ileile, na hazikung'oka. Kuzunguka washa zake pako safi kabisa. Nimewatumia picha za mbele na za nyuma. Tafadhali mtu azitazame kabla ya kunijibu tena habari ya kukaza.

Fundi wenu aliniambia kwa simu kwamba faiba hiyohiyo mnajengea boti, na boti hizo zinapigwa na mawimbi kila siku bila kupasuka. Namwamini, na kazi ya boti naiheshimu. Ila maji yanaisukuma boti tumboni mwote kwa pamoja, kila sehemu inabeba kidogo. Kiti kinamkusanya mtu mzima na kumkabidhi kwenye matundu manne, kila moja upana wa kidole. Katika kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwa magari ya mashindano, kila pointi ya kufungia kiti inatakiwa ihimili nyutoni 15,000, kama uzito wa tani moja na nusu. Kanuni hizohizo zinataka bolti zisipungue milimita 8, viegemeo vya chuma visipungue unene wa milimita 3, na sehemu za kufungia ndani ya kiti ziwe zimeimarishwa. Sikuwaomba kiti chenye cheti cha FIA, na bei yenu haikuwa ya kiti hicho. Nataja namba hizo ili ionekane kwa nini nilipigania vile vibati vinne. Kwa bei ya chuma chakavu huku kwetu, vyote vinne havifiki hata dola mbili.

Niseme pia yaliyo mazuri, maana yapo. Jelikoti yenu ni laini, rangi imeshika vizuri, na kingo za matundu ya mikanda mmezisugua hadi haziwezi kukata mkanda. Viti vilifungwa kwa uangalifu, vikapita Tunduma na Zambia yote hadi Kasumbalesa bila mchubuko. Mikono iliyofanya kazi hiyo ingeweza kuweka na vibati.

Nililipa dola 380 kwa viti vyote viwili, 110 za usafiri na 65 za forodha, jumla dola 555. Kwa fundi wa hapa hayo ni makuta, yaani pesa, ya miezi kadhaa. Naomba mchague moja kati ya mawili: mnirudishie dola 555, au mtengeneze upya viti vyote viwili kwa vipimo vya karatasi yangu, usafiri na forodha juu yenu. Mkichagua kutengeneza, naomba picha ya kila bati likiwa limelala kwenye mkeka kabla halijafunikwa, na upana wa nje upimwe mdomo kwa mdomo kiti kikiwa kimeshatoka kwenye kalibu. Gharama za hospitali sizidai, mdogo wangu amesema tuziache.

Ombi jingine si la kwangu. Dada wa mauzo aliniambia kalibu hiyo imeshatoa viti vya wateja wengine. Wapigieni simu. Waambieni wapige ganda kwa kucha kuzunguka bolti, na wapime unene kabla ya kupanda tena. Huenda wako kwenye barabara ya kweli yenye malori, si kwenye uwanja mtupu kama sisi.

Vile visahani viwili vya faiba nimevitia kwenye bahasha pamoja na nakala ya barua hii, dereva wa lori atavileta mkononi kwenu. Vipimeni wenyewe. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 30. Karatasi ya tarehe 9 Novemba bado mnayo. Vipimo vyake havijabadilika.

Wenu,
Mteja wa viti viwili,
Kampemba, Lubumbashi